Wavu wa Kazi

Fundi afanyaye kazi peke yake hana haja ya chombo cha kumwambia kazi imefika wapi. Yote yamo kichwani mwake: lililokwisha, lililobaki, na lile lisiloweza kuanza mpaka jingine limekwisha. Wakiwa mafundi wawili huulizana, na swali moja na jibu moja hutosha. Lakini kundi likikua, haja ya kuulizana hukua upesi kuliko kundi lenyewe. Watu 5 wana jozi 10 za kusemezana. Watu 10 wana jozi 45. Na watu 50 wana jozi 1,225. Hesabu hii ilielezwa na Frederick Brooks katika kitabu chake The Mythical Man-Month, kilichotoka mwaka 1975. Brooks aliijua kwa machungu. Katika miaka ya 1960 alisimamia utengenezaji wa programu kuu ya kompyuta za IBM System/360, kazi iliyochelewa, na akaona kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa ni kuzidi kuuchelewesha.

Hapo ndipo kundi linapotafuta kitu cha kusimama mahali pa kusemezana. Siku hizi kitu hicho ni programu ya kompyuta. Makundi mengi hununua iliyokwisha tengenezwa. Mengine huona kwamba iliyoko sokoni haifanani na kazi yao, yakaazimu kujitengenezea yenyewe. Azimio hilo huonekana kuwa jambo la ufundi mtupu, la kuchagua mashine na lugha ya kompyuta. Historia yake yaonyesha vingine. Kila kundi lililojitengenezea chombo cha namna hii lilijibu swali moja kabla ya mengine yote, hata kama halikulitamka kwa kinywa: chombo kitasomwa na nani? Je, mwenye kazi apate kujua afanye nini kesho, au mkubwa wake apate kujua kama amefanya jana? Majibu haya huzaa vyombo viwili mbali mbali, ingawa kwa macho vyaweza kufanana kama pacha.

Kabla ya kompyuta, chombo kilikuwa karatasi. Mwaka 1896 mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alibuni chati aliyoiita harmonogramu, iliyoonyesha kila kazi na kazi zilizopaswa kuitangulia. Maandishi yake hayakuwafikia wasomaji wa Kiingereza, na sifa ikaenda kwa Mmarekani Henry Gantt, aliyefariki mwaka 1919, ambaye chati zake za mistari zilienea viwandani baada ya hapo. Chati ya Gantt ni nyepesi kusomeka. Kila kazi ina mstari wake. Mrefu ni wa kazi ndefu, mfupi ni wa kazi fupi. Upungufu wake ni kwamba mstari husema kazi itaanza lini na itakwisha lini, wala hausemi kwa nini haiwezi kuanza mapema zaidi. Kazi zikiwa 20, msimamizi huijaza sababu hiyo kwa akili yake. Zikiwa 2,000, akili haitoshi.

Katika miaka ya 1956 na 1957 kampuni ya du Pont ya Wilmington, jimbo la Delaware, ilikuwa na kompyuta ya UNIVAC, tena ilikuwa ikitafuta kazi zaidi za kuipa. Mhandisi wake Morgan Walker alishirikiana na mwanahesabu James Kelley, aliyetoka upande wa watengenezaji wa mashine hiyo, kutafuta njia ya kupanga ujenzi wa viwanda. Walichokipata chaweza kuelezwa kwa mfano wa nyumba. Msingi huchukua siku 10, kuta siku 15, na paa siku 8. Kila moja hungoja lililotangulia. Wakati huo huo seremala hutengeneza milango kwa siku 12, nayo haitiwi mpaka paa limekwisha. Nyumba itafikia kutiwa milango siku ya 33. Seremala akichelewa juma zima, nyumba haichelewi hata saa moja. Mwashi akichelewa siku moja, nyumba imechelewa siku moja. Basi katika wavu wote wa kazi iko njia moja, iliyo ndefu kuliko zote, ambayo ndiyo inayoamua siku ya mwisho. Anayeijua njia hiyo ajua pa kuweka macho yake na fedha zake.

Walker na Kelley hawakuishia hapo. Kwa kila kazi waliandika muda na gharama ya kuifanya kwa kawaida, kisha muda na gharama ya kuifanya kwa haraka. Mashine ikahesabu ni kazi zipi zafaa kuharakishwa ili mradi ukatike mapema kwa gharama ndogo. Faida yake haikuwa ndogo, kwani desturi ya viwandani ilikuwa kwamba mradi ukichelewa, wote hutiwa katika kazi za ziada, hata seremala wa milango ambaye haraka yake haimfai mtu. Jaribio lililopata sifa lilifanywa katika kiwanda cha du Pont mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Kiwanda hicho kilikuwa hakina budi kusimamishwa kila baada ya muda ili mitambo ifanyiwe matengenezo, na kila saa ya kusimama ilikuwa hasara. Matengenezo yaliyokuwa yakichukua saa 125 yalipunguzwa hadi saa 93. Mwezi wa Desemba 1959 Kelley na Walker waliwaeleza wataalamu wa kompyuta habari zao mkutanoni Boston. Kelley alikuwa amekwisha kujiunga na John Mauchly, mmoja wa waliobuni kompyuta ya ENIAC, katika kampuni ya kuwafundisha wengine njia hiyo.

Yafaa kuangalia kwa nini jambo hili lilifaulu Louisville. Wavu haufumwi bila kuuliza: ni nini lazima kitangulie nini? Jibu la swali hilo halimo katika afisi ya mkurugenzi. Limo kwa wanaofungua mabomba. Na majibu ya mashine yaliporudi, yalikuwa na maana kwa wale wale wanaofungua mabomba, kwani yaliwaambia bomba lipi lisingoje. Habari ilitoka kazini ikarudi kazini.

Wakati huo huo chombo cha pili, kinachofanana sana na hicho, kilikuwa kikitengenezwa Washington, na mazingira yake yalikuwa mengine kabisa. Mwaka 1955 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliunda Ofisi ya Miradi Maalumu, chini ya Admirali William Raborn, ili kutengeneza kombora la kurushwa kutoka baharini. Kutokana na ofisi hiyo likapatikana kombora la Polaris, la kubebwa na nyambizi na kurushwa kutoka chini ya maji. Ilikuwa silaha ya kuangamiza miji, jambo ambalo vitabu vya uongozi hulipita kwa haraka ya ajabu. Mwezi wa Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, na Polaris ikatakiwa miaka kadha kabla ya wakati uliopangwa. Makandarasi wakubwa na wadogo, maelfu kwa idadi, walikuwa wakitengeneza vipande vilivyopaswa kukutana ndani ya tumbo la chombo kimoja.

Mwanzoni mwa 1958 Ofisi ya Raborn iliweka kundi dogo la kubuni njia ya kupima maendeleo ya mradi. Ndani yake walikuwamo watu wa Ofisi yenyewe, akiwamo Willard Fazar, watu wa kampuni ya washauri ya Booz Allen & Hamilton, na watu wa Lockheed, waliokuwa wakitengeneza kombora. Walichokitoa kilijulikana kwa herufi zake nne, PERT. Nacho kilikuwa wavu, kama ule wa du Pont, ingawa makundi haya mawili yalianza kazi yao bila kuigana. Tofauti kubwa ilikuwa katika muda. Ujenzi wa kiwanda umekwisha fanywa mara nyingi, na muda wa kila kazi wajulikana. Kombora la kutoka chini ya maji halikuwa limefanywa na mtu yeyote. Kwa hiyo mhandisi aliulizwa makadirio matatu: muda mfupi kabisa kazi ikienda vema, muda unaoelekea zaidi, na muda mrefu kabisa mambo yakiharibika. Muda mfupi na muda mrefu vilijumlishwa pamoja na ule wa kati uliozidishwa mara 4, na jumla ikagawanywa kwa 6. Akisema majuma 4, 6 na 14, mashine iliandika majuma 7. Taarifa zilikusanywa kila majuma mawili na kupelekwa kwenye kompyuta kubwa ya Jeshi la Wanamaji iliyokuwa Dahlgren, Virginia. Kisha Ofisi ikapewa siku inayotazamiwa ya kila tukio pamoja na uwezekano wa kuiwahi.

Hesabu ile ilionekana kama sayansi yenyewe. Charles Clark, aliyekuwa mwanahesabu wa kundi hilo, alikuwa mwaminifu kuliko waliomsifu. Mwaka 1962 aliandika kwa uwazi kwamba hakuwa na habari yoyote juu ya namna muda wa kazi unavyotawanyika, wala hakudai kwamba umbo la hesabu lililochaguliwa ndilo la kweli. Lilichaguliwa kwa kuwa lilifaa kwa kuhesabu. Katika miaka ile ile wachunguzi wa taasisi ya RAND walionyesha dosari nyingine. PERT ilitazama njia moja tu, ile ndefu, na kuzisahau njia za pembeni ambazo nazo zaweza kuchelewa na kugeuka kuwa ndefu. Ndiyo sababu siku iliyotolewa na mashine ilielekea daima kuwa ya mapema kuliko inavyostahili. Kasoro hizi mbili zilijulikana kwa wenye kusoma magazeti ya wataalamu. Hazikuizuia PERT kuenea.

Nyambizi ya kwanza ya Polaris, USS George Washington, ilirusha kombora kutoka chini ya maji tarehe 20 Julai 1960, na mwezi wa Novemba mwaka huo ikaanza zamu yake baharini ikiwa na makombora 16. Ulikuwa ushindi mkubwa wa uhandisi, na sifa nyingi zilikwenda kwa PERT. Ikadaiwa kwamba iliokoa miaka miwili. Serikali ikaipenda: mwezi wa Juni 1962 Wizara ya Ulinzi pamoja na shirika la NASA zilitoa mwongozo wa PERT iliyoongezwa hesabu ya gharama, na kampuni iliyotaka kazi ya serikali ikalazimika kujifunza kuchora wavu, itake isitake.

Miaka kumi baadaye Harvey Sapolsky, mtaalamu wa elimu ya siasa, alichapisha uchunguzi wake juu ya Polaris, kitabu kilichotolewa na Harvard University Press mwaka 1972. Alikuwa amezungumza na walioifanya kazi. Aliyoyakuta ni kwamba wengi wa wahandisi wa Ofisi na wa makandarasi hawakuitegemea PERT, na wengine waliipinga. Na ilipokuwa tayari kutumika, maamuzi makubwa ya ufundi yalikuwa yamekwisha kukatwa. Lakini Sapolsky hakusema kwamba PERT haikufanya kazi yoyote. Alisema ilifanya kazi nyingine. Ofisi ya Raborn ilikuwa imezungukwa na wenye kuitazama kwa jicho la shaka au la kijicho: Bunge lenye mfuko, Jeshi la Anga lenye makombora yake, wakubwa wa Wizara, na wanamaji wenyewe walioogopa kwamba Polaris itakula fedha za meli zao. Kila mmoja alikuwa tayari kuja kuuliza na kukagua. Alipokuja, alipokewa kwa chati, kompyuta na maneno mapya, akarudi ameridhika kwamba mradi huu waongozwa kwa njia za kisasa kupita miradi yote. Wahandisi wakaachwa wafanye kazi.

Hii ndiyo sehemu ya habari inayostahili kufikiriwa sana, kwa maana si rahisi kuihukumu. Kwa upande mmoja, chombo kilikuwa pazia. Kwa upande wa pili, pazia lilikuwa na manufaa, na nyuma yake watu walikuwa wakitenda. Mfano mzuri ni nyambizi yenyewe. Haraka yake haikupatikana kwa kuhesabu njia ndefu. Ilipatikana kwa kuchukua nyambizi nyingine iliyokwisha anzwa kujengwa huko Groton, Connecticut, kuikata katikati, na kutia kipande kipya cha kubeba makombora. Wavu huhesabu kazi zilizokwisha tajwa. Wazo la kuikata meli iliyo katika ujenzi halikuwamo katika orodha yoyote mpaka mtu alipolitaja.

Ubaya ulianza pale pazia lilipouzwa kama dirisha. Waliolazimishwa kuitumia PERT baada ya 1962 hawakuwa na Bunge la kulituliza wala Sputnik ya kuwasukuma. Walikuwa na fomu za kujaza. Mhandisi aliyetakiwa kutoa makadirio matatu kwa kila kazi alijifunza upesi kwamba makadirio hayo hayarudi kwake kumsaidia. Hupanda juu na kukaa huko, na siku moja hushuka kama hoja ya kumlaumu. Mtu aliye katika hali hiyo hutaja muda mrefu ili awe salama. Nayo mashine, ikipewa tahadhari badala ya kweli, huijumlisha tahadhari kwa usahihi wote. Katika vitabu vingi vya uongozi vya leo kanuni ile ya kugawanya kwa 6 hufundishwa bado, na onyo la Clark halitajwi.

Kuna kisa kidogo cha miaka hiyo kisichosimuliwa mara nyingi. Mwaka 1961 John Fondahl wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika taarifa juu ya njia ya kupanga ujenzi kwa wavu bila kompyuta yoyote. Aliweka kazi ndani ya viduara na kuviunganisha kwa mistari, na hesabu yote iliwezekana kwa kalamu. Aliyegharimia uchunguzi huo alikuwa idara ya majengo na gati ya Jeshi la Wanamaji, jeshi lile lile la Polaris. Mjenzi hakuwa na mashine ya Dahlgren. Alikuwa na meza na karatasi. Na namna ya Fondahl ya kuchora ndiyo iliyoshinda baadaye, hata ndani ya kompyuta.

Kompyuta zilishuka bei. Tangu mwaka 1984 programu ya Microsoft Project ilipatikana kwa yeyote mwenye kompyuta ya mezani, na ndani yake mlikuwa na urithi wote: mistari ya Gantt, wavu, njia ndefu. Kundi dogo likaweza kupanga kazi zake kama Jeshi la Wanamaji. Si kila kundi dogo lililoona kwamba hilo ni neema.

Kundi mojawapo lilikuwa 37signals, kampuni ya Chicago iliyoanzishwa mwaka 1999 kuchora kurasa za intaneti kwa ajili ya wateja. Ilikuwa na watu wachache tu. Kazi zilipoongezeka, habari zilitawanyika katika barua pepe: moja kwa mteja, nyingine kwa mchoraji, ya tatu imesahauliwa. Mkuu wake, Jason Fried, aliona kwamba programu zilizouzwa zilishughulika na chati, hali shida yake ilikuwa ni mazungumzo. Wakaamua kujitengenezea. Aliyeandika programu alikuwa David Heinemeier Hansson, mwanafunzi wa Copenhagen, saa saba mbele ya Chicago, ambaye mwanzoni alilipwa kwa saa 10 kwa juma. Uchache huo wa saa ulikuwa mwalimu mkali. Kisichokuwa cha lazima hakikupata nafasi. Palikuwa na mahali pa ujumbe, orodha za kazi, na tarehe za kufikia. Chati ya Gantt haikutiwa, na haikusahauliwa, ilikataliwa. Wateja walipoitumia katika kazi zao na kampuni hiyo, wakaitaka kwa kazi zao wenyewe, na mwezi wa Februari 2004 ikaanza kuuzwa kwa jina la Basecamp. Mwezi wa Julai mwaka huo Hansson aliutoa bure msingi wa programu hiyo, Ruby on Rails, ambao maelfu ya wengine waliujengea vyombo vyao. Kampuni iliacha kuchora kwa ajili ya watu, ikajiita kwa jina la programu yake mwaka 2014, kisha mwaka 2022 ikarudia jina lake la kwanza.

Chombo hicho kilitengenezwa na wale wale walioumwa na shida, na msomaji wake alikuwa mwenye kazi. Hata hivyo kukua hakukukiacha salama. Kufikia mwaka 2018 watu wa kampuni walikuwa takriban 50, kiasi cha zile jozi 1,225, na orodha za kazi hazikutosha tena kusema mradi umefika wapi. Orodha iliyotiwa alama nusu yake yaweza kuwa imebakiwa na nusu nyepesi au nusu ngumu. Kwa macho ni moja. Aliye mbali na kazi hawezi kutambua, naye akiuliza kila siku arudisha kusemezana kule kule kulikokimbiwa.

Hapo wangeweza kuchukua wavu wa zamani, ukahesabiwe na mashine. Walichokitia mwaka huo ni mchoro wa kilima kimoja. Upande wa kupanda ni wa kazi ambayo mfanyaji bado hajui itafanywaje. Upande wa kushuka ni wa kazi iliyokwisha eleweka na kubaki utekelezaji. Kila kazi ni nukta juu ya kilima hicho. Kompyuta haihesabu mahali pake, wala haiulizi asilimia, wala haimwombi mtu makadirio matatu. Anayeisogeza nukta ni mwenye kazi, kwa mkono wake, na nukta isiyosogea kwa majuma mawili huonekana na wote, pasipo mtu kuuliza.